Usimshikie fimbo huyo mtoto wa mbwa

Morogoro, Jumapili jioni

Mpendwa Neema,

Habari za Korogwe? Watoto na baba yao hawajambo? Sisi huku tu wazima, mvua zimeanza na milima ya Uluguru imezama kwenye mawingu tangu juzi.

Nilifurahi sana uliponiambia mmepata mtoto wa mbwa. Lakini ulipotaja kwamba baba watoto ameshakata kifimbo cha mpera cha kumnyooshea, usingizi ulipaa. Kwenye simu sauti ilikuwa inakatika kila mara, ndiyo maana nimeamua kukaa chini nikuandikie.

Unamkumbuka Bosi, mbwa wetu yule mwekundu mwenye sikio moja lililolala? Alikuwa akitoroka karibu kila jioni, na kila aliporudi alichapwa. Tulidhani tunamfundisha asitoroke. Kumbe tulimfundisha kwamba ukiitwa "njoo", kipigo kinakusubiri. Siku ile geti lilipoachwa wazi nilimwita. Alisimama, akanitazama, mkia akauingiza katikati ya miguu, akarudi nyuma hatua mbili. Kisha akageuka na kukimbilia barabarani, pikipiki ikamgonga. Neema, zile hatua mbili bado naziona mpaka leo. Alikuwa ananikimbia mimi niliyempenda.

Tulipomchukua Popi, mbwa wetu wa sasa, niliapa hatachapwa. Nilipata mwanga hapa hapa Morogoro, kwa wale panya wa shirika la APOPO pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wanaofunzwa kunusa mabomu ya ardhini. Panya akipata harufu anayotafutiwa, mwalimu anabonyeza kidude kinacholia "tik", panya anakimbilia ndizi yake. Hakuna anayemfokea akikosea, anakosa ndizi tu. Panya mmoja, Magawa, aliyezaliwa na kufunzwa huku kwetu, alitafuta mabomu Kambodia, akapewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la kuhudumia wanyama la Uingereza, mwaka 2020, na hadi anastaafu alikuwa amefichua mabomu zaidi ya 70. Nikajiuliza, kama panya anaweza kufunzwa hivyo, mbwa wa nyumbani ana nini cha kumshinda?

Basi anza hivi. Chukua dagaa wa Mwanza, si wale wa chumvi, uwachambue mchanga na kuwakaanga bila mafuta mpaka wakauke. Shika mmoja kwa vidole viwili, mpelekee puani anuse, kisha pandisha mkono polepole juu ya kichwa chake kuelekea mgongoni. Pua itamfuata dagaa, na makalio yatashuka yenyewe. Yakigusa tu sakafu, piga kidoko cha ulimi, umpe. Usichelewe hata kidogo, maana akishasimama atajua analipwa kwa kusimama. Neno "kaa" litaje baadaye, pale utakapoona anakaa bila kusitasita. Dakika tano zinatosha, kabla hajala ugali wake, akiwa na njaa kidogo.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni wa "njoo", na huu nakuomba msiuache hata siku moja. Waite watoto, mkae pembe tatu za ua, kila mmoja na dagaa mkononi. Mmoja aite jina lake na "njoo!" kwa sauti ya furaha, huku akipiga makofi. Akifika, kidoko, dagaa, na kumkuna kifuani. Kisha aite mwingine. Akishazoea, mcheze kombolela: mtoto ajifiche nyuma ya tangi la maji na kumwita kutoka huko. Popi akimpata mwanangu hulia kwa furaha na kuzunguka kama pia. Na hata mbwa akichelewa nusu saa, akija mpokee vizuri. Asiitwe "njoo" kwa ajili ya kufungwa mnyororo wala kugombezwa. Ukitaka kumfunga, mfuate mwenyewe.

Kuhusu kung'ata viatu, ana haki yake, meno yanabadilika mpaka karibu miezi sita. Funga fundo kwenye kipande cha kanga kuukuu mvutane naye. Katikati ya mchezo mwonyeshe dagaa, useme "achia", akiachia mlipe na umrudishie kanga. Hapo anajua kuachia si kunyang'anywa. Akikung'ata mkono, simama kimya na umpe mgongo, mchezo umeisha. Anaelewa haraka kuliko ukipiga kelele.

Najua baba watoto ataniambia mbwa wa ulinzi akidekezwa hatabweka. Mwambie Popi anambwekea kila anayegusa geti usiku, na akiitwa "njoo" anaacha na kuja. Wiki iliyopita fundi aliacha geti wazi, Popi akatoka mbio akifukuza kuku mpaka ukingo wa barabara. Nilimwita mara moja tu, moyo umesimama. Akageuka hewani, Neema, masikio nyuma, akanirukia kifuani na matope yake. Sikuwa na dagaa mkononi, nikampa kipande cha maini kutoka kwenye sufuria ya chakula cha watu.

Usisahau chanjo ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka, na mabaki yenye vitunguu asipewe.

Nimefunga dagaa kilo moja kwenye mfuko, dada yangu atakuletea akipita Alhamisi kwenda Tanga. Niambie mmempa jina gani. Na hicho kifimbo cha mpera, kama baba watoto hajakitupa, naomba kisimamishie mche wa nyanya.

Wako akupendaye,
Mama Jeni