Risala ya Wanakikundi wa Kutunza Vitabu vya Kale kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kutimiza Miaka Sita

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Maktaba,
Wageni waalikwa,
Wanakikundi wenzangu,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uhai na afya hata tukakutana siku ya leo, na kwa namna ya pekee tunakushukuru wewe, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Tunafahamu kwamba shughuli kubwa kuliko hii zilikuwa zikikungoja, na kwamba kikundi cha watu wanaoshinda kimya wakigeuza kurasa si mahali kiongozi anapopaharakia. Kufika kwako tumekuhesabu kuwa ni neema, nasi tutajitahidi tusiipoteze.

Ndugu Mgeni Rasmi, historia ya kikundi chetu ni ndefu, ila kwa kuchunga muda wako tutaigusa tu. Kilianza miaka sita iliyopita kwa watu wanne walioomba ruhusa ya kupanga upya stoo ya maktaba, wakakuta humo vitabu vya zamani na madaftari yaliyoandikwa kwa mkono yamefungwa kamba ya katani kama mizigo ya kuni, na kamba imekwisha kuyakata majalada. Leo tupo kumi na saba, tunayo katiba, akaunti ya benki na muhuri.

Katika kipindi hicho tumepata mafanikio makubwa ambayo hatuwezi kuyataja yote. Tumeendesha mapinduzi ya usafi wa mikono: hakuna anayegusa kitabu kabla ya kunawa kwa sabuni na kujikausha kabisa. Wageni wanaofika wakidai glavu nyeupe za pamba, kama walivyoziona kwenye filamu, tumewaelimisha kwamba kidole kilichofunikwa hakihisi ukingo wa karatasi na mwishowe huichana. Glavu tumeziacha kwa ajili ya picha za zamani. Kalamu za wino zimepigwa marufuku, selotepu imefukuzwa, na mtu akilamba kidole ili afunue ukurasa anatolewa nje hata akiwa mjumbe wa kamati, jambo ambalo limekwisha kutokea. Vitabu vitatu vya karne ya 19 vyenye majalada ya kitambaa cha kijani kikali tumevitenga katika mifuko yake na tunavishika kwa glavu za mpira, baada ya kusoma habari za utafiti ulioanzishwa mwaka 2019 kwenye jumba la makumbusho la Winterthur nchini Marekani, uliobaini kuwa baadhi ya majalada ya rangi hiyo yana sumu ya aseniki. Vya kwetu hatujavipima, kwa kuwa hatuna kipimo, ila hakuna aliyejitolea kuvilamba. Zaidi ya hayo, kwa ubunifu wetu wenyewe tumeunda kabari za kuegemezea vitabu kwa kutumia sifongo ya godoro iliyovikwa shuka jeupe. Tukisema kweli, sifongo hiyo huzeeka na kumwaga unga, hivyo tunalazimika kuibadilisha mara kwa mara.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa tunaomba utuvumilie, maana tumefika kwenye jambo lililotufanya tukualike.

Kitabu dhaifu kikilala rafuni, mahali penye ubaridi wa wastani, giza, na unyevu wa hewa usiopita asilimia 55, kinaweza kukaa miaka mingi bila kudai chochote. Taabu yake huanza siku anapokuja mtu kukichunguza. Na hatuwezi kuwazuia watu kuchunguza, kwa sababu kitabu kisichojulikana kina nini ndani hakina tofauti kubwa na tofali.

Watu wengi hudhani kitabu kadiri kilivyo cha zamani ndivyo kilivyo dhaifu. Sivyo. Karatasi za Ulaya za kabla ya katikati ya karne ya 19 zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, na nyingi bado ni laini mpaka leo. Baadaye viwanda viligeukia mbao, na ili wino usitambae viliitia karatasi shabu pamoja na utomvu wa msonobari. Shabu hiyo huzaa tindikali ndani ya karatasi yenyewe, na tindikali huzikatakata nyuzinyuzi zake kidogo kidogo mpaka karatasi inageuka kahawia na kuvunjika kama jani kavu. Ndiyo maana katika chumba hiki kitabu cha miaka mia tatu hufunguka kwa amani, na cha miaka mia na ishirini kikapasuka mikononi mwa mtu mpole kabisa. Wino nao una visa vyake: ule uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma na tanini, uliotumika kwa karne nyingi, hula karatasi, na tunazo kurasa ambazo herufi zimedondoka zikaacha matundu yenye umbo lilelile la herufi.

Kwa hali hiyo uchunguzi una adabu zake. Kitabu hakivutwi rafuni kwa kushikwa kichwa cha mgongo. Majirani zake wa pande zote mbili husukumwa ndani kidogo, nacho kikashikwa katikati. Hulazwa juu ya kabari, jalada likafunguliwa mpaka nyuzi 90, kwa kitabu kitiifu nyuzi 120, na kwa kikaidi hata 90 hazifiki. Kurasa hutulizwa kwa mifuko mirefu myembamba yenye uzito ndani, tunayoiita nyoka. Hapo ndipo mchunguzi anapohesabu karatasi, kukagua mshono, na kuishusha taa ubavuni ili mwanga utambae juu ya ukurasa na kuibua mikwaruzo na maandishi yaliyokwanguliwa. Akitaka kuiona alama ya mtengenezaji iliyomo ndani ya karatasi, huinua ukurasa mmoja na kupenyeza nyuma yake kibao chembamba chenye mwanga. Kila kimoja kati ya vitendo hivi, hata kikifanywa na mikono yenye uzoefu, hukitoza kitabu kitu. Daftari letu moja la hesabu lilifunguliwa mara arobaini na moja mwaka jana, na kila mara lilipofungwa palibaki chenga za karatasi juu ya meza.

Dawa ya jambo hili inajulikana: kitabu kipigwe picha nzuri mara moja, wasomaji wasome picha, na kitabu chenyewe kifunguliwe kwa yule tu ambaye picha haitoshi kumjibu. Kwa hiyo tunahitaji kitanda cha kitabu, yaani kiegemeo kinachokibeba kitabu kikiwa hakijafunguka chote, na kamera ya kukipiga picha kutoka juu. Na hapa, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, tunalazimika kukueleza kwamba wewe si wa kwanza kuombwa.

Mgeni rasmi wa kwanza tulimpa orodha ya maombi kumi na moja, kitanda kikiwa la kwanza na mapazia la kumi na moja. Alituletea mapazia. Yanafanya kazi, jua haligusi tena meza, na tunamshukuru. Ila tangu siku hiyo tumejifunza kuleta ombi moja tu, ndiyo sababu leo hutasikia neno lolote kuhusu paa. Mgeni rasmi wa pili alitamka kwenye kipaza sauti kwamba kitanda kingefika kabla ya mwezi kwisha, tena aliongeza mwenyewe ule msemo wa ahadi na deni, hivyo sisi hatutaurudia. Tumemwandikia barua nne. Ilijibiwa moja, ikituelekeza kuandika barua.

Mgeni rasmi wa tatu ndiye aliyetuweka katika hali ngumu zaidi, kwa sababu yeye alileta kitu. Alileta mashine ya fotokopi. Utepe ulikatwa, picha zikapigwa, nasi tukapiga makofi, maana zawadi haikataliwi mbele ya watu. Mashine hiyo hutaka kitabu kilazwe kifudifudi juu ya kioo, kikiwa wazi nyuzi 180, kisha kigandamizwe kwa kifuniko. Tuliitumia siku moja. Mwenzetu mmoja, anayetuzidi sote kwa umri na kwa uangalifu, alilaza juu ya kioo kitabu cha karatasi ile ya mbao. Hakukandamiza kifuniko, alikiacha kishuke taratibu kwa uzito wake. Ukasikika mlio mmoja, mfupi, mkavu. Alipokiinua kitabu, mgongo ulikuwa umegawanyika katikati, kurasa sita zimeachana na mshono, na kona zake zimebaki juu ya kioo zikiwa vipande vya ukubwa wa ukucha. Nakala iliyotoka ilikuwa na kivuli cheusi upande wote wa ndani kwenye kunjo, na mstari tuliokuwa tukiutafuta ulikuwa humo kivulini.

Vipande hivyo tulivikusanya kwa brashi laini, tukavihesabu, vikawa hamsini na vitatu. Vipo ndani ya bahasha iliyo mezani mbele yako. Tunaomba radhi kwamba meza hiyo haina maji ya kunywa. Maji hayaingii chumba hiki, na tumekuandalia huko nje.

Ndugu Mgeni Rasmi, hatuombi makubwa. Tunasoma, kwa hiyo tunajua wenzetu wamefika wapi. Kitabu chenye kazi za Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ambacho maandishi yake yalikwanguliwa na kuandikwa sala juu yake mwaka 1229, kilichukua takriban miaka minne kuachanishwa karatasi zake huko Baltimore, Marekani, kikapigwa picha kwa miale ya aina nyingi, na baadhi ya kurasa zikasomwa kwa eksirei huko Stanford, nchini humohumo. Gombo la kale lililoungua la En-Gedi, kando ya Bahari ya Chumvi, lililofukuliwa mwaka 1970 likiwa kama kipande cha mkaa, limesomwa kwa eksirei na kompyuta bila kukunjuliwa hata kidogo. Mashine hizo hatukuombi.

Tunachoomba ni kitanda kimoja chenye mabawa mawili yanayoweza kupanuliwa na kufinywa, mfano wa marufaa ya kuwekea msahafu, ili kitabu kilale kwa pembe kinayoiweza na mgongo wake usibebe uzito. Kamera moja inayotazama chini kutoka kwenye nguzo isiyotikisika. Taa mbili zisizotoa joto wala mionzi ya urujuanimno. Na mafunzo ya siku chache kwa watu wawili, kwa kuwa mikono isiyofundishwa huvunja kitabu hata kwenye kitanda kizuri. Tutapiga kurasa zote za kulia kwanza, kisha za kushoto, kila ukurasa ukigeuzwa kwa subira, na kitabu kitarudi kwenye boksi lake. Baadaye, Mungu akipenda, tungeongeza kamera inayoona mionzi ya infraredi, ambayo chini yake wino wa chuma hufifia na wino wa masizi hubaki mweusi, ukajua mkono wa pili uliongeza nini. Lakini hilo si ombi la leo, na tungeshukuru lisiingizwe kwenye hotuba.

Tunaomba vilevile, na hili tumelijadili katika vikao viwili, kwamba endapo kitanda hakitapatikana, kisiletwe kitu kingine badala yake. Skana ya mezani ya kulazia kitabu kifudifudi ni ndugu wa tumbo moja na ile fotokopi. Mheshimiwa mmoja, kwa nia njema, alipendekeza tuzipitishe kurasa kwenye mashine ya laminesheni ili zisichanike tena. Plastiki ile hushikwa kwa joto na haibanduki bila kuondoka na karatasi, na sisi hatukifanyii kitabu jambo ambalo anayekuja nyuma yetu hataweza kulitengua.

Michoro ya kitanda na vipimo vyake vyote tumeviambatanisha, pamoja na kumbukumbu za barua nne tulizozitaja. Ahadi ya maneno tunaipokea kwa furaha, ila katika kitabu cha wageni Katibu amechora safu mpya baada ya ile ya maoni, nayo ni ya tarehe. Tunakuomba, utakapokuwa ukisaini, uijaze kwa mkono wako. Utapewa penseli.

Kabla ya hapo tunakukaribisha unawe mikono, uikaushe, kisha uketi kwenye kiti kile cha dirishani, ambapo mwenzetu atakuwekea juu ya kabari kile kitabu kilichovunjika ili ukifungue mwenyewe ukurasa mmoja, kwa kuushika kona ya juu na kuusindikiza kwa kiganja.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi