Barua ya wazi kwa vijana wanaotaka kuishi kwa picha na kwa filamu za wanyamapori

Wanangu,

Wengi wenu mmeniuliza kama mtu mmoja anaweza kuishi kwa kupiga picha za makala, yaani picha za matukio halisi, na papo hapo akatengeneza filamu za wanyamapori. Anaweza. Hugo van Lawick alitumwa na National Geographic mwaka 1962 kwenda Gombe, Tanzania, kunasa utafiti wa Jane Goodall juu ya sokwe, akapiga picha mnato na kurekodi filamu, kisha akaendelea na kazi zote mbili Serengeti kwa miaka mingi. Ila msidhani kwamba, kwa kuwa kamera za siku hizi huhama kutoka picha hadi video kwa kubonyeza kitufe, akili ya mpigaji nayo huhama kwa wepesi huohuo.

Anayempiga picha ndege arukaye huweka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia, ya 1/2000 ya sekunde ili kila unyoya uonekane, lakini anayerekodi filamu ya fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde kwa kawaida huweka 1/50 na kuliacha bawa lififie kidogo, kwa sababu bila ukungu huo mwendo huonekana wa kukatikakatika. Hilo ni la mashine, na mtalizoea upesi. Gumu ni kwamba simba akishamwangusha nyumbu, mpiga picha huenda amekwisha kupata alichokifuata, ilhali mtengeneza filamu bado hana kitu: mhariri atamdai nyasi zilizotikisika kabla, masikio ya nyumbu yaliyosimama, uwanda mzima kwa mbali, tai wakishuka, na sauti ya hayo yote. (Lenzi ndefu humleta mnyama karibu, lakini maikrofoni iliyo juu ya kamera haimleti, ndiyo maana sauti nyingi mnazozisikia katika filamu hizi zimerekodiwa wakati mwingine au kutengenezwa studio.) Kwa hiyo amueni kabla ya kupambazuka kama siku hiyo ni ya picha au ya filamu, na mshikilie uamuzi huo hata linapotokea tukio linalowatamanisha kubadili, kwani anayebadili nia katikati ya mbio hukosa ile picha, na filamu yake hukosa mwisho.

Aliyelelewa katika picha za makala ana jambo la kuifundisha filamu, nalo ni kutopanga tukio. Katika filamu ya White Wilderness ya mwaka 1958, iliyopata tuzo ya Oscar, panya wadogo wa Aktiki waitwao lemingi walionyeshwa kana kwamba wanajitosa baharini kujiua. Kumbe walipelekwa Alberta, Kanada, jimbo lisilo na bahari, wakasukumwa majini na watengenezaji wenyewe, na uongo huo unaaminiwa na wengi hadi leo. Picha mnato nazo si safi: mshindi wa shindano la Wildlife Photographer of the Year la 2009 alivuliwa ushindi baada ya waamuzi kuona kwamba mbwamwitu wake yaelekea alikuwa amefunzwa. Mkitumia mnyama wa kufugwa au chambo, semeni wazi katika maelezo ya picha na mwishoni mwa filamu. Mtayarishaji akikataa msiseme, nadhani ni heri kuikosa kazi hiyo.

Andikeni kumbukumbu kila jioni, hata mkiwa mmechoka: tarehe, mahali, mnyama gani, alikuwa akifanya nini, na faili lipi lina nini. Zaidi ya saa 100 za mikanda ya van Lawick kutoka Gombe zilikaa katika hifadhi kwa takriban nusu karne kabla ya kutumika katika filamu ya Jane ya mwaka 2017. Zilikuwa bila sauti, na sauti za msitu zikalazimika kutafutwa kwingine. Mtakayoyarekodi mwaka huu yanaweza kumfikia mhariri ambaye hamtakutana naye kamwe.

Kuhusu fedha nitasema machache. Filamu huchukua miezi au miaka kabla ya kulipa, na katika muda huo picha mnato ndizo zitakazowalisha, mradi ziwe zenu. Mkiajiriwa kurekodi filamu, hakikisheni mkataba unataja hakimiliki ya picha mnato mtakazopiga mkiwa kazini ni ya nani, na mnaruhusiwa kuziuza kuanzia lini. Wengi hulitafuta jibu la hilo wakiwa wameshatia saini.