Asante, kaka uliyefungua boneti

Kaka uliyenisaidia kwenye maegesho, jina lako sikulipata, ila shukrani hizi ni zako.

Kapeti la upande wa abiria lilikuwa halikauki, vioo vinajaa ukungu kila asubuhi, na kila niliyemuuliza alilaumu raba ya mlango. Wewe ulifungua boneti, ukainua kile kifuniko cha plastiki chini ya waipa, ukaniambia nitazame. Majani yaliyooza yalikuwa yamegeuka tope jeusi na kuziba vitundu vya kutolea maji pale pembeni kabisa. Maji ya mvua yalikuwa yamesimama hadi karibu na tundu la kuingizia hewa ndani ya gari. Huko ndiko yalikopenya, yakashukia kwenye feni na sakafuni.

Ulichota tope kwa mkono, kisha ukapitisha mrija laini. Waya mgumu uliukataa usije ukachana mpira ulio mwishoni mwa njia hiyo ya maji. Ukamwaga maji taratibu, tukachungulia nyuma ya tairi la mbele mpaka yakatoka safi. Ukanionyesha na chujio la hewa iingiayo ndani ya gari, lililolowa chapachapa, na mota ya waipa inayokaa humo humo. Maji yakituama hapo, ulisema, mota huharibika na bati huliwa na kutu mahali ambapo mtu hapaoni.

Hukuwa na haraka hata kidogo, na hilo ndilo lililonigusa zaidi. Sasa kila nikiosha gari natoa majani hapo, hasa likiwa limelala chini ya mti. Kapeti limekauka. Mungu akubariki sana, kaka yangu.