Gari Linapomisi: Kwanza Tuitafute Silinda, Spea Baadaye

Wateja wengi wanaotuletea gari linalomisi, yaani ambalo silinda yake moja au zaidi haiwaki ipasavyo, hapa gereji kwetu Kizota huwa wamekwisha kununua kitu kabla ya kufika. Kuna aliyebadilisha plagi zote nne, kuna aliyeuziwa koili ya mtumba, na kuna aliyeshauriwa asafishe nozeli na abadilishe pampu ya mafuta kwa mkupuo mmoja, na bado gari linatetemeka vilevile likisimama kwenye taa. Makala haya yanaeleza jinsi tunavyoishughulikia hitilafu hiyo kwenye magari ya petroli yenye umri mkubwa, hasa Toyota za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ambazo bado ni nyingi mjini Dodoma, na kwa nini tunatoza gharama ya uchunguzi peke yake kabla hatujataja bei ya spea yoyote.

Injini ya silinda nne ikiwa sailensi, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, kwenye mizunguko 750 hivi kwa dakika, huwasha kila silinda mara 375 katika dakika hiyo, yaani zaidi ya mara sita kwa sekunde. Silinda moja isipowaka, zile tatu zilizobaki huiburuza, na dereva huisikia injini ikicheza kwenye maunti zake na sauti ya egzosi ikikatika kwa mpangilio. Ili silinda iwake inahitaji cheche yenye nguvu, mchanganyiko sahihi wa petroli na hewa, na kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) ya kutosha. Kinachokosekana katika hayo matatu ndicho kinachotafutwa, na hakitafutwi kwa kubahatisha.

Uchunguzi huanza kwa maswali, na majibu ya mteja mara nyingi huokoa muda mrefu wa kufungua bolti. Gari linalomisi likiwa sailensi lakini likatulia likikanyagwa mafuta hutufanya tushuku mipira ya vakyumu au gasketi ya manifodi ya hewa, kwa sababu hewa inayoingia kwa wizi huonekana zaidi wakati injini inavuta hewa kidogo. Na jua la hapa kwetu, pamoja na joto la injini, hukausha mipira hiyo mpaka ikapasuka kama ganda la ukwaju. Gari lililotulia mjini lakini likaanza kukohoa linapopanda mlima Nyang'oro, baada ya Mtera kuelekea Iringa, hutupeleka kwenye koili, waya za plagi na mtiririko wa mafuta, kwani cheche hupata shida zaidi kuruka pale silinda inapojazwa hewa nyingi na kubanwa sana. Linalomisi siku za mvua tu, hasa zile za kwanza za Desemba baada ya miezi ya vumbi, karibu kila mara lina waya au kifuniko cha distribyuta (kigawa umeme wa plagi) kilichopata ufa.

Baada ya hapo tunaitafuta silinda yenyewe. Injini ikiwa inaunguruma, tunazizima silinda moja baada ya nyingine na kusikiliza. Silinda nzima ikizimwa, mizunguko hushuka na mtetemo huongezeka; ile mbovu ikizimwa, hakuna kinachobadilika, kwa kuwa haikuwa ikifanya kazi tangu awali. Tunapendelea kuchomoa soketi ya nozeli pale inapofikika, badala ya kuchomoa waya wa plagi, kwa sababu petroli isiyoungua huteremka hadi kwenye masega ya egzosi (kisafisha moshi) na kuungua humo, na masega yakiyeyuka huziba njia ya moshi. Kwa sababu hiyo hiyo tunawasihi wateja wasiendelee na safari ndefu pale taa ya injini inapowakawaka. Taa inayowaka bila kupepesa inaweza kusubiri hadi mfike, lakini inayopepesa haifai kupuuzwa.

Silinda ikishajulikana, tunatoa plagi yake na kuitazama kwa makini. Masizi makavu meusi huashiria petroli nyingi au eya klina iliyoziba, jambo la kawaida kwa magari yanayoshinda kwenye barabara za vumbi za Chamwino na Bahi. Plagi iliyolowa petroli mara nyingi haipati cheche, na iliyolowa oili hutuelekeza kwenye ringi za pistoni au sili za vali. Iliyopauka kabisa huwa imefanya kazi kwenye joto kali na mafuta kidogo. Tunazipanga zote nne mezani kwa mpangilio wa silinda na kumwita mteja azione, kwa kuwa tofauti kati ya moja na nyingine huonekana hata kwa asiye fundi.

Kuna hitilafu moja tunayokutana nayo mara kwa mara kwenye injini za Toyota kama 4A-FE na 5A-FE, ambazo plagi zake zimezama katikati ya hedi. Ukivuta waya wa plagi, kofia yake ya mpira hutoka ikiwa imevimba, laini na inang'aa oili, na ukimulika tochi ndani ya shimo unaona oili nyeusi imetuama juu ya plagi. Kwenye kauri nyeupe ya plagi hiyo huwa kuna mstari mwembamba wa kijivu uliochorwa wima: hiyo ndiyo njia ambayo umeme umekuwa ukipita kukimbilia bodi ya injini badala ya kurukia ndani ya silinda. Mteja wa aina hii akibadilishiwa plagi pekee, gari hutulia kwa muda kisha hurudia, kwa sababu chanzo ni gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) na sili za mashimo ya plagi zinazovujisha oili. Tiba ni kubadilisha gasketi na sili hizo, kukausha mashimo, kisha kuweka plagi na waya mpya. Wakati huohuo tunapima waya zilizobaki kwa multimita: mwongozo wa Toyota kwa injini hizi unataka ukinzani usizidi kiloomu 25 kwa kila waya, na zile kongwe tunazokuta huwa zimepita hapo au zimekatika ndani kabisa.

Kwa magari yenye koili juu ya kila plagi, kama Toyota IST, kazi ni nyepesi zaidi. Tunahamisha koili ya silinda inayoshukiwa kwenda silinda nyingine. Hitilafu ikihama nayo, koili imehukumiwa, na ikibaki palepale tunaendelea na plagi na nozeli kwa njia hiyohiyo.

Mashine ya kupima ina nafasi yake, ingawa tunaona inapewa heshima kuliko inavyostahili. Namba ya hitilafu P0303 inayotolewa na mashine, kwa mfano, inasema silinda ya tatu haiwaki; haisemi kwamba koili yake imekufa, na fundi anayeisoma na kutaja bei ya koili papo hapo hajapima chochote. Isitoshe, Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazina mfumo wa kutoa namba hizo kwa mashine: hitilafu husomwa kwa kuunganisha pini za TE1 na E1 kwenye kisanduku kilicho chini ya boneti na kuhesabu jinsi taa ya injini inavyopepesa, na nyingi haziwezi kutambua kwamba silinda haiwaki. Hapo sikio na mkono wa fundi vinabaki kuwa kipimo.

Lawama nyingine hutupiwa mafuta. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (kemikali za utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kukabili uchakachuaji, lakini petroli iliyonunuliwa kwenye madumu kando ya barabara haina dhamana hiyo, na maji kidogo tu chini ya tangi yanatosha kuifanya injini ikohoe. Dalili yake ni kwamba silinda zote humisi kwa zamu bila mpangilio, si moja peke yake, na mara nyingi tatizo huanza muda mfupi baada ya kujaza.

Pale cheche na mafuta vinapokuwa salama, tunapima kompresheni. Kwa 4A-FE iliyo nzima, geji husoma karibu psi 190 (psi ni kipimo cha shinikizo). Ikishuka chini ya 142, au silinda zikitofautiana kwa zaidi ya psi 14, tatizo liko ndani ya injini. Tunatia oili kidogo kwenye silinda dhaifu na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, tunashuku vali au gasketi ya silinda hedi, na silinda mbili jirani zinaposoma chini pamoja, hasa kwa gari lililowahi kuchemsha au linalopungua maji kwenye rejeta, gasketi hiyo ndiyo mshukiwa wa kwanza. Katika hatua hii tunasimama na kuongea na mwenye gari. Kufungua hedi ni gharama kubwa, na kwa gari fulani fulani tumewaambia wateja waziwazi kwamba haifai kutumia fedha hiyo.

Mteja hupewa matokeo kwa maandishi, yakiwa na vipimo vya kila silinda, na yuko huru kununua spea kwingine au kupeleka kazi kwa fundi mwingine. Tunaomba tu asioshe injini kwa maji ya presha kabla ya kuja, kwa kuwa maji hufuta alama za uvujaji na huongeza hitilafu mpya kwenye waya. Na kama gari humisi asubuhi tu, hasa katika baridi ya Juni na Julai, liletwe jioni lilale gereji, ili liwashwe mara ya kwanza mbele ya fundi.