Hatuuzi orodha ya vyakula vya kuacha

Hapa Kirumba, Mwanza, tunapowashauri lishe watu wanaosumbuliwa na tumbo, kila mara tunaambiwa neno lile lile, "yaani nimelipa hela yote hii niambiwe tu nisile maharage?" Juzi kaja dada mmoja kavimba kweli, anasema lishe yetu utapeli, kumbe hata hajawahi kukaa na sisi, orodha karushiwa WhatsApp na shoga yake ambaye ndo mteja wetu, basi kaacha vitunguu, maharage, maziwa, chapati, maembe, kaacha mpaka wali ambao hauna kosa lolote, miezi inakatika anashindia uji wa sembe, kakonda na gesi bado ipo.

Jamani, huu mpango wa watu wenye IBS, yaani tumbo linalosumbua muda mrefu kwa maumivu, gesi na choo kisichotulia, ulitoka Chuo Kikuu cha Monash kule Australia na una hatua tatu. Kuacha ni hatua ya kwanza tu, wiki 2 mpaka 6, basi. Baada ya hapo tunarudisha kimoja kimoja, leo maziwa kidogo, kesho tunaongeza, kesho kutwa tena, tunapumzika, ndo tunaingia kwenye ngano, na wewe kila siku unatuandikia umekula nini, tumbo limefanyaje, choo kikoje, na sisi tunakaa tunasoma. Hela yako inaenda hapo.

Kuna baba anauza dagaa pale Mwaloni alikuwa kajinyima maziwa bure, tulivyomrudishia tukakuta hayana shida naye, kinachomtesa ni kitunguu. Tukamwonyesha mkewe: kata vipande vikubwa, kaanga kwenye mafuta, vitoe vyote kabla ya kuweka nyanya au maji, maana kile kinacholeta gesi kinayeyuka kwenye maji, kwenye mafuta hakiyeyuki. Sasa hivi sato wake anakula na ugali, harufu ya kitunguu ipo na tumbo limetulia.

Na mnaosema tunawazungusha tukiwatuma hospitali kwanza, huku ziwani kichocho kipo, kinauma tumbo na kuharisha vilevile, na hakitibiki kwa lishe, kinataka dawa. Choo kipimwe, sio kumeza flajili kila tumbo likiunguruma. Ukiona damu kwenye choo, unapungua bila sababu au maumivu yanakuamsha usiku, hatukupokei mpaka daktari akuone, hata utoe hela mara mbili.

Yule dada tumeanza naye kwenye kurudisha, na wali ndo wa kwanza. Kama na wewe una orodha ya kuazima njoo nayo, bei ni ile ile.