Kabla ya kuhamishia filamu za nyumbani kwenye HD, tufungue kabati kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kwa wiki kadhaa sasa limekuwa gumzo la jioni barazani kwangu hapa Kirumba: je, mtu mwenye kabati la filamu za zamani, yaani kanda za deki, VCD na DVD, atoe fedha auhamishie mkusanyiko wake wote kwenye ubora wa juu wa picha, huu tunaouita HD, au aache ulivyo? Mimi ninalo kabati la namna hiyo tangu enzi nilipoendesha kibanda cha video, kile ambacho vijana walikiita kibanda umiza, na kwa mabenchi niliyokuwa nayo sikuweza kuwabishia. Nilipokifunga, mali yote ilihamia sebuleni: DVD mia mbili na ushee, VCD ambazo sijawahi kuzihesabu, na kanda 41 za VHS, ambazo tisa kati yake ni za harusi, ubatizo na misiba ya ukoo wetu.

Kilichonisukuma kushika kalamu ni duka moja la mjini, ambalo sitalitaja kwa sababu sina ugomvi na mtu, lililobandika mlangoni tangazo la kugeuza kanda za zamani kuwa HD. Nilipeleka kanda mbili, mojawapo ikiwa ya harusi ya dada yangu aliyeolewa Nansio, Ukerewe, mwaka 1995. Siku ya nne nikakabidhiwa flashi, nikaichomeka kwenye runinga, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba bibi harusi amenenepa na magurudumu ya gari lililombeba yamekuwa na umbo la yai. Sababu yake haikunisumbua kuitambua, kwani picha ya kanda ina upana wa sehemu nne kwa kimo cha sehemu tatu, ilhali runinga bapa ina upana wa sehemu kumi na sita kwa kimo cha tisa, na fundi aliivuta picha ijaze kioo badala ya kuacha weusi pembeni. Runinga nyingi hukuruhusu kulirekebisha hilo kwa rimoti.

Lisilorekebishika kwa rimoti ni khanga ya marehemu mama. Katika kanda yenyewe kuna mahali mama anapita mbele ya kamera akielekea jikoni, na maneno ya khanga yake yanatikisika ndani ya chenga, lakini ukisimamisha picha na kukaza macho unalisoma neno la mwisho, ambalo ni "jirani", na yaliyotangulia unayakisia. Katika toleo la HD chenga zimeondolewa, na herufi zimeondoka pamoja nazo. Umebaki mchirizi mweusi pindoni mwa khanga, na uso wa mama umelainishwa kama wa mwanasesere. Programu iliyotumika haikuwa na namna ya kujua ipi ni chenga na ipi ni herufi, kwa hiyo ilivifuta vyote viwili, nami nikalipia kazi hiyo.

Hapa ndipo penye kiini cha suala, na naomba nieleze kwa hesabu kidogo. Picha ya DVD ya PAL, mfumo wa picha za runinga ambao ndio tulioutumia Tanzania, ina nukta 720 kwa upana na mistari 576 kwa kimo, jumla nukta 414,720. Picha kamili ya HD ina nukta 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600, ambazo ni mara tano kamili. Maana yake ni kwamba ukiigeuza DVD kuwa HD, katika kila nukta tano unazoziona moja tu ndiyo iliyotoka kwenye diski na nne zimebuniwa na mtambo kwa kuangalia majirani zake. Kwa VCD, yenye nukta 352 kwa 288, ni takriban moja kwa ishirini. Kanda ya VHS, ambayo JVC waliitoa Japani mwaka 1976, iko karibu zaidi na VCD kuliko DVD kwa kiasi cha mambo inayoweza kuyashika katika upana wa picha. Na runinga yoyote ya HD, ukiilisha DVD, huifanya kazi hiyo ya kubuni yenyewe, papo hapo, bila malipo, kwa kuwa haina njia nyingine ya kujaza kioo chake. Anayekutoza kwa kuikuza kanda yako, mara nyingi anakuuzia kitu ambacho tayari kiko ukutani kwako.

Isieleweke, hata hivyo, kwamba ninaipinga HD. Mpwa wangu, ambaye ndiye mpinzani wangu mkuu pale barazani, alicheka nilipomwambia kwamba filamu ya mwaka 1975 inaweza kuwa na picha safi zaidi katika HD kuliko filamu ya mwaka 2003, lakini ndivyo ilivyo. Filamu za kumbi za sinema za enzi hizo, za Marekani, za India na za Hong Kong, zilipigwa kwa utepe wa milimita 35, na negativu, yaani utepe wenyewe wa asili uliopita ndani ya kamera, ina mambo mengi kuliko yanavyoweza kuingia kwenye DVD. Kampuni inayoimiliki negativu hiyo, ikiitunza na kuiskani upya, hukupa kitu kipya kabisa: vumbi la barabarani, nyuzi za koti, jasho la adui katika pambano la mwisho. Kuna na faida nyingine ambayo watu hawaisemi. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, lakini DVD za PAL kwa kawaida huziendesha 25, ndiyo maana filamu ya dakika 120 humalizika kwa dakika 115 na sauti za wahusika huwa nyembamba kidogo. Diski ya Blu-ray, ambayo ndiyo diski ya kubebea filamu za HD, huziendesha 24 kama zilivyopigwa. Miaka yote ile kibandani nilikuwa nikiwapunja wateja wangu dakika tano bila kujua.

Filamu zetu za Bongo za miaka ya 2000 ni habari nyingine. Nyingi zilipigwa kwa kamera za video za ubora wa kawaida, zikatoka kwa kanda, baadaye VCD na DVD. Huko nyuma hakuna negativu ya kurudiwa, na kilichomo kwenye DVD nzuri ndicho karibu chote kilichopigwa. Anayekuuzia HD ya filamu hizo anakuuzia jina.

Na kuna kundi la tatu, ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi, nalo ni kanda na DVD za filamu za kigeni zilizowekewa masimulizi ya Kiswahili. Wasomaji wa umri wangu wanamkumbuka Lufufu wa Dar es Salaam, aliyekuwa akiisimulia filamu ya Kihindi au ya Kichina kana kwamba imetokea Manzese, akiongeza utani na mawaidha ambayo mwandishi wa filamu hakuyawaza. Ukiitupa DVD ya namna hiyo kwa sababu umepata Blu-ray ya filamu hiyohiyo, utapata picha nzuri sana na utampoteza msimulizi. Sijaona diski ya HD yenye masimulizi hayo. Kibandani kwangu wateja hawakuuliza leo kuna filamu gani. Waliuliza leo anasimulia nani.

Nikiri pia jambo ambalo wengi wetu tunalo kabatini na hatulisemi, yaani zile DVD za filamu kumi au ishirini kwenye diski moja. Diski ya DVD ina nafasi ya gigabaiti 4.7, au 8.5 ikiwa ya tabaka mbili. Ukibana filamu ishirini humo, kila moja inabaki na chini ya nusu gigabaiti, na ndiyo sababu usiku katika filamu hizo huonekana kama vigae vya sakafuni. Hizo hazihitaji HD ili zipate nafuu. Hata DVD halali ya kawaida, yenye filamu moja, ni hatua kubwa mbele.

Sasa nije kwenye sebule, maana uamuzi huu hufanywa na futi na mita kuliko unavyofanywa na matangazo. Kwa mtu mwenye macho mazuri, mistari 1080 ya runinga ya inchi 43 huonekana yote akiwa amekaa kiasi cha mita 1.7 kutoka kioo. Akirudi nyuma hadi mita tatu na kidogo, jicho lake haliwezi tena kuitenganisha na mistari 576 ya DVD iliyotengenezwa vizuri. Nilichukua utepe wa kupimia wa mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, nikapima kutoka kochi hadi kioo nikapata mita 3.4. Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akalivuta kochi mbele, jambo ambalo mama mwenye nyumba hakulikubali.

Nilipokwenda nyumbani kwa mpwa huyo huko Nyakato, ili anionyeshe HD ya kweli kwenye mashine yake mpya, nilikuta ameiunganisha kwa zile waya tatu, ya njano, nyekundu na nyeupe. Waya wa njano haubebi HD hata kidogo. Hupeleka picha ya ubora uleule wa zamani. Alikuwa ametazama DVD zilizojificha ndani ya Blu-ray kwa miezi miwili na kuzisifu. Tulitafuta waya wa HDMI, ambao ndio unaobeba HD, na hapo ndipo nami nilipokubali kwamba tofauti ipo, hasa kwa mimi niliyekuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na kioo.

Anayetaka kununua ajue pia kwamba mashine ya Blu-ray kwa kawaida husoma DVD, lakini mashine ya DVD haisomi Blu-ray, na kwamba Blu-ray nyingi zimefungwa kwa kanda za dunia: sisi Afrika tuko kanda B pamoja na Ulaya, na Marekani iko kanda A. Ndugu aliyeko Chicago akikutumia zawadi ya diski, huenda ikakataa kucheza. Kuhusu kutazama kwa intaneti sina la kusema isipokuwa kwamba bando huisha, na filamu iliyoondolewa huko huiwekei mkono tena.

Lakini hayo yote yanaweza kusubiri, kanda haziwezi. Sisi wa kandokando ya ziwa tunaishi na unyevu, na kuvu hupenda kanda. Ukiitazama kanda kupitia kidirisha chake ukaona unga mweupe pembeni mwa utepe, usiithubutu kuitia kwenye deki, kwa sababu kuvu itahamia kwenye kichwa cha deki na kutoka hapo kwenye kanda zote zitakazofuata. Kati ya kanda zangu tisa za ukoo, mbili zimekwishapata unga huo. Na deki nazo zinaondoka: Funai, kampuni ya Japani iliyojulikana kuwa ya mwisho kuziunda, iliacha mwezi Julai mwaka 2016, na mafundi wanaojua kuzisafisha hapa mjini nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Filamu ya kununua itakuwapo dukani mwaka kesho, na pengine kwa bei nafuu zaidi. Mama akipita na khanga yake yupo kwenye kanda moja tu.

Nakumbuka Februari mwaka 2013, matangazo ya analojia yalipozimwa hapa Mwanza, majirani kadhaa walivyotoa nje runinga zao za chogo wakiamini zimekufa, kumbe kilichohitajika ni king'amuzi. Nisingependa kabati zetu zipatwe na pupa hiyohiyo.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba kupitia gazeti lako wenye maduka ya kazi hizi watenganishe katika matangazo yao kunakili kanda na kuikuza, na wamruhusu mteja achague nakala isiyoguswa, yenye umbo lake la asili na chenga zake. Nimeirudisha kanda ya dada kwa fundi mwingine, mzee mwenzangu, ambaye ameinakili kama ilivyo kwa bei ndogo kuliko ya kwanza. Nakala moja iko kwenye diski ya nje hapa nyumbani, nyingine imevuka maji kwenda kwa mwenyewe Nansio, na kanda nimeisimamisha wima kabatini, mbali na ukuta wenye unyevu. Kati ya zile DVD mia mbili na ushee nimechagua kumi na moja tu za kununua upya katika HD, zote za utepe wa milimita 35, na sitazinunua mpaka zile kanda mbili zenye unga mweupe zimepata mtu wa kuzisafisha. Kama kuna msomaji anayemjua, awe Mwanza, Musoma au Bukoba, naomba aandike kupitia ukurasa huuhuu.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza