Barua kwa mwanangu aliye kambini JKT (Jeshi la Kujenga Taifa): mwaka unaouomba

Mwanangu mpendwa,

Barua yako tumeipata, na nimeisoma mbele ya baba yako kama ulivyoomba. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mahindi yaliyoanikwa yameshafunikwa, akatoka. Unamjua: akinyamaza hajakataa. Ndiyo maana nakuandikia upesi, kabla hujatuma barua ya pili yenye maneno yale yale.

Mimi niko upande wako. Nataka uende Ujerumani ukajitolee kwenye nyumba ya wazee kabla ya kuanza chuo, na sababu yangu hukuiandika popote. Unataka kusomea uuguzi. Mimi ni muuguzi, na kila mwaka nawapokea wodini wanafunzi wenye alama nzuri za biolojia ambao siku ya kwanza ya kumwosha mgonjwa mtu mzima, aliyejichafua na kuona aibu, wanatazama ukutani. Wengine wanazoea. Wengine wanagundua wakiwa mwaka wa tatu kwamba kazi hii si yao, na kufikia hapo mkopo umeshatumika na mzazi ameshauza alichokuwa nacho. Kule utalisha wazee, utawabadilisha nguo, utawatembeza, utakaa nao siku ambazo hawakumbuki jina lako. Ukirudi ukaniambia bado unautaka uuguzi, nitakuamini kuliko cheti chochote.

Lakini baba yako na babu yako hawatakubali kwa hoja ulizoandika. Umesema utapanua mawazo, utajitambua, na wenzako nao wanapanga kutoka. Hayo kwako ni makubwa. Baba aliyekusomesha anasikia kitu kingine kabisa: mwaka unapotea, mtoto anaondoka, na tarehe ya kurudi haijulikani.

Hofu ya kupoteza mwaka usiijibu wewe. Mwache aijibu mwenyewe. Alipomaliza kidato cha sita, JKT kwa mujibu wa sheria ilikuwa bado haijasitishwa (ilisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013), na haikuwa ya miezi michache kama yenu. Alikaa karibu mwaka mzima akilima, akifyatua matofali na kupiga kwata, ndipo akaenda chuo. Mpaka leo akikutana na mtu waliyekuwa naye kambini wanaitana kuruta na chai inapoa mezani. Sijapata kumsikia akisema mwaka ule ulipotea. Ukirudi nyumbani, kabla ya kutaja Ujerumani, muulize kambi ilimfundisha nini ambacho shule haikumfundisha, kisha mwache aseme mpaka amalize.

Halafu mweleze jambo ambalo nina hakika halijui, kwamba utumishi unaouomba una undugu na JKT. Ujerumani nayo ilikuwa na jeshi la lazima kwa vijana wa kiume, na waliokataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri walipelekwa kuhudumia wagonjwa na wazee. Mwaka 2011 ulazima huo uliposimamishwa, hospitali na nyumba za wazee zingekosa mikono ile. Julai ya mwaka huo huo serikali yao ikaanzisha utumishi wa hiari wa shirikisho, Bundesfreiwilligendienst, na wageni nao wanapokelewa.

Hapo ndipo pa kuitoa hofu yake ya pili, ambayo hataitamka mbele yako. Unamkumbuka binti wa jirani aliyeahidiwa kazi ya dukani nje, pasipoti yake ikachukuliwa siku aliyofika. Baba yako alikuwepo uwanja wa ndege aliporudi. Kwa hiyo usimwambie habari za wakala. Mwonyeshe mkataba. Katika utumishi huu mkataba unaandikwa kati ya wewe na serikali ya shirikisho, na ndani yake panatajwa nyumba utakayofanyia kazi, saa zako, posho yako, likizo yako na siku ya mwisho. Bima ya afya inalipiwa na wanaokupokea. Kuna siku za semina ambazo ni haki yako, 25 kwa mkataba wa miezi 12. Atakayekudai pesa ili akutafutie nafasi, achana naye siku hiyo hiyo. Pasipoti yako usimkabidhi mtu yeyote ila ubalozi unapokuwekea viza.

Kuhusu kurudi, nimepiga hesabu na nakuomba uifuate. Mkataba unaweza kuwa wa miezi 6 hadi 18. Usiombe 12, omba 6. Ukitoka kambini nenda Dar kwa shangazi yako, usome Kijerumani Goethe-Institut, kituo cha lugha na utamaduni cha Wajerumani, kwa sababu bila lugha hata viza ni shida, na mzee wa miaka 90 hatazungumza nawe Kiingereza. Uondoke Machi, urudi Septemba. Maombi ya chuo yanafanyika mtandaoni, utayatuma ukiwa huko huko Julai. Mwongozo wa Bodi ya Mikopo nao unampokea aliyemaliza kidato cha sita ndani ya miaka mitano, kwa hiyo mkopo haukukimbii. Baba yako akiona Septemba imeandikwa kwenye karatasi iliyosainiwa, utaona uso wake unavyobadilika.

Mzito ni babu. Nilipomweleza, aliuliza swali moja tu: “Kichwa cha Songea wamekirudisha?”

Usimwambie hayo ni ya zamani. Kwake si ya zamani. Mababu zake walikuwa hapa Songea wakati wa Majimaji, vita vya kuwapinga wakoloni wa Kijerumani, na Nduna (jemadari) Songea Mbano alinyongwa hapa hapa mjini mwaka 1906 pamoja na wakuu wengine wa Wangoni. Inasemwa kichwa chake kilichukuliwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea, akasimama makumbusho ya Majimaji akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa Nduna, akaahidi kusaidia kukitafuta. Babu alisikiliza kwenye redio na hakusema kitu siku nzima.

Babu huyo huyo alijifunza useremala Peramiho, kwa watawa Wabenedikto ambao wenzao walifika huko kutoka Ujerumani mwaka 1898, na mpaka leo anataja jina la mwalimu wake kwa heshima. Anayabeba yote mawili na hajawahi kuyapatanisha. Nadhani kinachomuuma ni kufikiri kwamba mjukuu wake ataenda kule bila kujua chochote, akishangaa treni tu. Kwa hiyo mwombe akupeleke makumbusho. Nenda naye mpaka kwenye kaburi la pamoja, akusimulie kwa maneno yake. Ukifika Ujerumani wakakuuliza unatoka wapi, usiishie kusema Tanzania. Sema Songea, na ueleze. Wengi wao hawajafundishwa. Mwahidi babu hilo, na ulitimize.

Nauli tutaiona. Baba yako hajapeleka mahindi kuuza, anasubiri NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, wafungue kituo cha kununulia, na mimi nina akiba kidogo kwenye vikoba. Shangazi ataongeza. Lakini usiiguse habari ya nauli wewe mwanzo. Akianza yeye kuuliza tiketi ni shilingi ngapi, ujue mmeshafika mbali.

Sasa fanya hivi. Andika barua mpya, safari hii kwa baba yako peke yake. Ukurasa mmoja unatosha. Taja mji, nyumba ya wazee uliyowaandikia na walivyokujibu, mwezi wa kuondoka na mwezi wa kurudi, na kozi utakayoomba Julai. Ya kujitambua tuachie mimi na wewe, tutayazungumza jikoni. Na unijulishe mapema mnafunga mafunzo lini, ili nimwambie shangazi yako akuandalie chumba kabla hajakipangisha.

Mama yako